Madigadi ya Kushoto Sijaigusa

Flint, Michigan
Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu Vernal,

Mimi kaka yako nilitimiza miaka themanini na mmoja mwezi wa Machi, na mpaka leo nimewazika manyapara saba, mke mmoja mwema kuliko nilivyostahili, mbwa wanne, kiwanda kizima cha Corrigan pamoja na dohani yake, na yule daktari aliyeniambia mwaka sabini na nane kwamba nyama ya nguruwe ya kukaanga itaniua. Yeye ndiye aliyekufa. Mimi asubuhi hii nimekula vipande vitano, nimefuta mikono, nimekaa mezani nakuandikia.

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima, wewe na shemeji Arlene na wote wa nyumbani. Nipe hali ya mgongo wako. Nilisikia kwenye redio kwamba mvua zimejaza mito huko Kentucky, nikasema ah, nyumba ya Vernal iko juu kilimani, labda waende kuwaokoa matajiri wa bondeni. Shemeji mwambie ile jamu ya matunda ya porini aliyonitumia Krismasi ilikwisha siku ya tatu, na sikumpa mtu. Sisi huku ni wazima. Goti la kulia linalia kama bawaba ya mlango, lakini linapanda ngazi, nami silidai zaidi ya hapo.

Utashangaa mwandiko. Barua zote ulizopata kutoka kwangu aliziandika Oneida wangu, Mungu amrehemu, mimi nilitia sahihi tu. Shule niliacha darasa la tano, na wewe unajua katika hiyo miaka mitano siku nyingi nilikuwa porini nafukuza sungura. Jirani yangu alijitolea aniandikie hii, nikakataa. Leo ni siku ya nne naiandika. Nimechana karatasi sita. Ungesema si ningepiga simu? Kwenye simu mimi na wewe tunabishana habari za mpira, tunacheka, tunakata. Hii si ya simu.

Sasa kaa vizuri. Nimenunua Kestrel!

Soma tena, hujakosea. Kestrel ya mwaka sabini, milango miwili, ya manjano, mistari myeusi mbavuni, giaboksi ya gia nne, na ile injini kubwa ya silinda nane ambayo ikinguruma vikombe vya jirani vinacheza kabatini. Kwa sasa haingurumi. Haiwaki kabisa. Lakini hayo ni madogo, nitayaeleza.

Nililipata kwa mjane mmoja, Bi Lavonne Hutchings, kule mashambani upande wa Owosso. Limekaa bandani kwake miaka thelathini na moja chini ya turubai, na kuku wamekuwa wakitagia humo, vizazi na vizazi. Nilipofungua mlango, kuku mmoja mwekundu alinitazama kama mimi ndiye mwizi. Bi Lavonne akaniuliza kama nina hakika, maana mtu wa umri wangu angenunua kiti cha kuegemea. Nikamwambia mama, magari haya mimi nimeyapaka mistari kwa mikono hii hii, Corrigan, zamu ya asubuhi, upande wa kushoto, na hajazaliwa wa kunishinda. Akaliangalia gari, akaniangalia mimi, akasema kumbe ni nyie. Akasema marehemu mumewe kila Jumamosi alikuwa akijaza upepo tairi la mbele la kushoto, miaka kumi na mitano, kwa sababu kila akisimama mbele ya gari aliliona limeinama upande huo, na tairi halikuwa na kosa lolote. Nikacheka kwa nguvu, nikamuuliza kama kuku naye anauzwa.

Lilipofika huku juu ya lori la kuvutia magari, mtaa mzima ulitoka. Wa kwanza alikuwa Zelma Pruitt. Unamkumbuka Zelma, mkaguzi wa rangi wa zamu yetu ya asubuhi, yule mrefu aliyevaa miwani yenye mnyororo? Sasa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, ana miaka themanini na minne, na ulimi wake haujazeeka hata kwa siku moja. Alikuja na ndala zake za ndani akaniuliza nimenunua gari au banda la kuku lenye namba za usajili. Nikamwambia mwanamke aliyelipwa miaka ishirini na minane kuangalia rangi angepaswa kuitambua Kestrel hata ikiwa na kinyesi juu. Akasema ndiyo, alilipwa kuiangalia, na siku nyingine alilipwa asiione. Mimi nikajifanya nashughulika na minyororo ya lori.

Vernal, nina furaha mpaka naona haya. Naamka kabla ya jogoo. Nimeweka gari katikati ya gereji, nimelinyanyua juu ya vigingi vinne, na kila asubuhi nalizunguka na kikombe changu cha kahawa kabla sijagusa kitu. Ubaya wake wote naujua kwa majina. Sakafu upande wa abiria haipo, nilikanyaga mguu ukatokea chini, soksi ikabaki juu. Panya walijenga mji ndani ya mashine ya kupashia joto. Rejeta imeoza. Waya zimetafunwa. Lakini nguzo za bodi ni nzima, chuma kitupu, nimezigonga zote kwa nyundo zikanijibu vizuri. Na namba iliyogongwa kwenye injini ndiyo ile ile iliyo kwenye bodi! Hawajawahi kutenganishwa hawa wawili. Gari lenye namba zinazolingana hivi siku hizi watu wanalitafuta kama almasi, na mimi nimelikuta na yai juu ya kiti.

Injini ilikuwa imeganda. Kijana wa duka la vipuri akaniambia mzee, hiyo ni nanga, itupe ziwani. Nilitoa plagi zote nane, nikamimina kila silinda mafuta ya giaboksi yaliyochanganywa na asetoni, nikafunika na tambara, nikaiacha siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano nikaweka spana ndefu kwenye boliti ya mbele, nikasema neno moja ambalo mama asingependa kulisikia, nikavuta. Ikasogea. Kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini. Nikavuta tena, ikazunguka mzunguko mzima! Nilirudi dukani siku hiyo hiyo kununua gasketi ambazo sikuzihitaji, ili nimtazame yule kijana usoni.

Mpango wangu ni huu. Injini inashuka yote, pistoni mpya, na vikalio vya valvu vigumu, kwa sababu petroli ya siku hizi haina madini ya risasi na vile vya zamani vitaliwa. Kabureta inabaki ile ile, naisafisha mwenyewe, simpi mtu. Sakafu nakata na kuunganisha bati jipya. Rejeta ya alumini. Giaboksi naiongezea gia ya tano, ili barabara kuu injini isipige kelele kama mtu anayefukuzwa. Na breki, Vernal! Tuliyauza magari yenye nguvu za farasi mia tatu na hamsini yakiwa na breki za ngoma, magurudumu yote manne, kama toroli la shamba. Naweka za diski mbele. Mikanda ya usalama ya mabegani. Shokomzoba mpya. Viti nimempa Zelma, kwa sababu baada ya ukaguzi alihamia idara ya kushona, na anasema uzi wake ulinyooka kuliko nyuzi zote jimboni. Nikamwambia hapo tumekutana wawili. Akasema hapana, yeye ana mashahidi.

Ndipo akaja daktari wa meno. Anaitwa Prentiss Oakley, amestaafu, tajiri, shati limepigwa pasi, na ndiye mkuu wa waamuzi kwenye mashindano ya chama cha wenye Kestrel. Ameandika kijitabu kinene juu ya kila boliti tuliyoifunga. Mimi sikumwita, alisikia tu. Alilala chini ya gari langu na kioo chake kidogo cha kijiti na tochi kichwani, kama anatafuta jino bovu, na kila baada ya muda nasikia anaguna. Alipotoka nikamweleza mpango. Uso ukambadilika. Akaniambia Mzee Tackett, ukiweka breki za diski umeliua gari hili. Nikamwambia daktari, lisiposimama ndilo litakaloniua mimi. Akasema magari haya ni urithi, yarudishwe yalivyotoka kiwandani, siku ile, saa ile. Anasema wapo watu wanaopaka hata matone ya rangi yaliyochuruzika chini ya buti, kwa kuwa kiwandani yalichuruzika. Nikamwambia yale matone yalikuwa ya Dutch Voorhees, aliyekuwa akija kazini na kichwa kinamuuma kila Jumatatu. Akaitoa kalamu akaandika.

Tulibishana saa nzima, na nilifurahi sana, siku nyingi sijapata mtu wa kunibishia kwa hoja. Kisha akafika kwenye madigadi ya mbele ya kushoto. Akapiga magoti. Akatoa utepe wa kupimia. Alipoinua kichwa macho yalikuwa na machozi, sikudanganyi. Akaniuliza kama najua nina nini hapa. Akasema hili ni gari la Aprili.

Mimi nikamuuliza gari la Aprili ndilo nini. Akanieleza kwamba magari yaliyotoka kwa wiki tatu tu za Aprili mwaka sabini yana mstari wa kushoto unaoshuka ukikaribia taa ya mbele, upana wa kidole, na upande wa kulia haushuki. Wenyewe wanauita Mshuko. Akasema ukipaka upya ukaunyoosha, waamuzi wanakukata alama kumi. Kuna mtu Ohio anauza violezo vyenye Mshuko tayari, na watu wananunua! Kwenye kijitabu chake ameandika kurasa nne kwamba wachoraji wa kampuni walifanya makusudi, ili dereva akiwa kwenye usukani aone gari linainamia mbele kama mwewe anayeshuka. Akanishika mkono akaniomba, kwa kuwa nilikuwepo, nimtajie jina la mchoraji aliyetoa wazo lile.

Nikautoa mkono wangu taratibu. Nikamwambia nakwenda kuangalia kahawa.

Kesho yake Zelma alikuja kung'oa viti. Alipokata kitambaa cha kiti cha nyuma akakuta kadi ya kuundia, ile inayoandikwa tarehe na zamu ya gari, imekunjwa katikati ya springi, ile tuliyokuwa tunaisokomeza humo badala ya kuitupa, maana pipa la taka lilikuwa mbali. Panya wameila pembeni tu. Akaisoma. Akaisoma tena. Tarehe ishirini na moja Aprili, zamu ya pili. Akaiweka juu ya boneti mbele yangu akaniambia, Hershel, hili ni gari la Vernal. Mimi nikaanza kusema habari za uzi na rangi ya ngozi ya viti. Akaniambia ninyamaze. Akaniambia miaka hamsini na minne inatosha, ama nikuandikie mimi ama atakuandikia yeye, na stempu anazo.

Sasa Vernal, hapa ndipo karatasi sita zilipochanika. Usiache kusoma.

Unakijua kile kiolezo cha kushoto, lile bati refu lililotobolewa njia ya mstari wa rangi, lililoning'inia kwa ndoano mbili kwenye ukingo wa madigadi. Kilikuwa kimoja tu. Asubuhi nilikitumia mimi, saa tisa unusu ukaja wewe ukakipokea. Jumatatu ya tarehe sita Aprili walikuwepo wageni wawili kwenye zamu, nami nikawaonyesha jinsi bingwa anavyokizungusha kwa mkono mmoja juu ya kichwa na kukitua mahali pake bila kuangalia. Mara ya kwanza nilikitua. Wakapiga makofi. Mara ya pili kikaniponyoka kikapiga sakafuni, na ndoano ya mbele ikapinda.

Sheria ulikuwa unaijua. Kiolezo kikianguka, kinakwenda stoo kupimwa kwa kile cha asili tulichokiita mama, na mkanda wa kusogeza magari unasimama mpaka kirudi. Mimi nilikuwa na miaka tisa sijaangusha kitu, na kila mtu alijua, kwa sababu nilimwambia kila mtu. Nyapara Gorman, aliyesimamia zamu zote mbili, wiki ile alikuwa anataka kunipa kofia ya buluu ya ukuu wa kituo. Nikaibana ndoano kwa koleo, nikaitazama kwa jicho moja, nikasema imenyooka. Zelma alikuwa hatua kumi kutoka pale na aliona yote. Nikaweka kidole mdomoni. Akaangalia saa ya ukutani, akagonga muhuri wake kwenye gari lililofuata, na lililofuata, na yote ya wiki tatu. Nilijiambia nitaitengeneza wakati wa chakula. Wakati wa chakula nilikuwa napiga hadithi.

Zamu yenu ndiyo iliyopata mkaguzi mgeni mwenye utepe wa chuma. Unaikumbuka Ijumaa ile ya wiki ya tatu kuliko mimi. Gorman alikusimamisha mbele ya watu wote, akakushikisha utepe mwenyewe uyapime, gari moja baada ya jingine, na akasema jicho lako limepinda, na aliyekupendekeza kwa kikosi cha brashi naye akapimwe. Jumatatu yake ndiyo ulikuwa uanze kikosi cha brashi! Watu wanne kiwanda kizima, wanaopaka kwa mkono mtupu bila kiolezo, na wewe ungekuwa wa tano, na miaka yako ishirini na minne. Mimi ndiye niliyekuona ukiwa na miaka kumi na mitatu ukiandika jina la baba kwenye mlango wa lori lake bila rula, na watu wakadhani limechapwa kwa mashine.

Jumamosi niliingia kiwandani nikijifanya nimesahau koti. Nikakichukua kiolezo, nikanyoosha ndoano kwa nyundo, nikaipima kwa mama mpaka ikakaa sawa kabisa. Jumatatu wewe ulikuwa chini kwenye mashimo ya kuoshea mabaki ya rangi, na mistari yote ilitoka imenyooka. Gorman akapita akasema mnaona? Tumemtoa Vernal, mistari imenyooka. Watu wakanitazama, mimi kaka yako. Nikaitikia kwa kichwa.

Ulikwenda kwa daktari wa macho akakwambia macho yako ni mazima, ukarudi ukasema daktari yule hajui kitu. Ukanunua miwani dukani ukaivaa. Nilikuwa nakuona mezani kwangu, Oneida anapakua maharage, wewe unaangalia ukingo wa sahani na kuinamisha kichwa huku na huku kuona kama unaliona duara. Kabla majani hayajaanguka ulikuwa umerudi nyumbani Kentucky kuendesha lori la makaa. Na mwaka themanini na nane, mama alipokufa, mchungaji alikuomba uandike jina lake kwenye ubao wa kanisa, ukamwambia atafute mtu mwingine kwa sababu jicho lako limepinda. Nilikuwa nimesimama karibu yako, kofia mkononi. Hata siku hiyo sikusema.

Jicho lako halijawahi kupinda, Vernal. Hata siku moja. Ni mimi.

Nimekaa nikatoka nje nikarudi. Naendelea.

Juzi nilimwambia Oakley ukweli wote, mbele ya waamuzi wenzake, kwenye kifungua kinywa cha chama chao. Nilitegemea wanipige na sahani. Hawakuniamini! Oakley alinigusa bega akasema kumbukumbu za wazee ni kitu kizuri lakini si ushahidi, na kwamba ndoano iliyopinda haiwezi kutoa mshuko mzuri kiasi kile. Nikamwambia mkono ulioufuata mshuko ule ulikuwa wa Vernal Tackett, ndiyo maana ni mzuri, hata kwenye bati bovu ukingo wake hauna tone. Wakanipa kahawa nyingine.

Kwa hiyo nimefikia hivi, na unajua mimi nikishafikia sibadiliki. Bodi yote nimeipiga msasa, bado madigadi ya kushoto tu, hiyo sijaigusa. Gari litapakwa manjano mapya kutoka buti mpaka taa ya kulia, na madigadi ile itabaki na rangi yake ya zamani na mstari wako juu yake. Injini inarudi ndani mwezi wa Agosti. Wiki ya kwanza ya Oktoba nitaendesha mwenyewe, kwa breki zangu za diski na gia yangu ya tano, mpaka Kentucky, mpaka kwenye geti lako. Usinikataze kwa sababu ya umri, nitaonyesha leseni.

Kwenye kiti cha abiria kutakuwa na kopo la rangi nyeusi na brashi zako tatu za nywele za kindi. Uliziacha chini ya kitanda kwetu. Oneida alitaka kukutumia, mimi nikamwambia utazifuata. Kila mwaka kabla ya theluji nimezipaka mafuta na kuzifunga tena kwenye karatasi, na nywele zake bado zinashuka kwa ncha moja.

Ukifungua geti, utapaka utakavyo. Unyooshe, uuache, usipake kitu kabisa, upake upande wa kulia ufanane na wa kushoto waamuzi wapate wazimu, sina neno. Usipofungua, nitageuza gari barabarani nirudi nyumbani, na litabaki vile, kila mtu akiniuliza kwa nini madigadi moja ni kuukuu nitamweleza kama nilivyokueleza wewe. Sikuombi msamaha kwa karatasi. Nakuja kuuomba nikiwa nimesimama, kama goti litakubali.

Msalimie shemeji Arlene, na umsomee barua hii yote, usiruke pale Gorman anapotajwa, maana alishakuona na miwani ile na ana haki ya kujua. Wasalimie watoto na wajukuu, wale walionizoea na wasionizoea. Huku kuku mwekundu anakusalimu, amekataa kuhama gereji.

Wako wa damu, kaka yako,

Hershel Tackett

Kama huniamini mimi, na mtu aliyenijua miaka yote hii ana sababu, wa kuthibitisha yupo. Ni Zelma Pruitt, nyumba ya tatu. Ameisoma barua hii kabla haijafungwa, akanirudisha nikaongeza habari za muhuri wake ambazo mimi nilikuwa nimezificha kwa heshima. Namba yake ya simu ameiandika kwa mkono wake nyuma ya bahasha. Amesema umpigie yeye kwanza kabla yangu, kwa sababu mimi nikipokea nitaanza kukuhadithia injini. Yupo nyumbani siku zote isipokuwa Jumatano asubuhi, anapokwenda kutengeneza nywele.